Iambie Vim Ukweli: Rangi na Fremu kwenye Terminali za Zamani

Umeingia kwenye seva ya zamani kwa PuTTY, umefungua programu yenye madirisha mawili, na pale ulipotarajia fremu unakuta herufi zimejipanga: lqqqqqqk juu, x huku na x kule, mqqqqqqj chini. Siku nyingine ni â”€â”€â”€ kutoka ukingo hadi ukingo. Au fremu ziko sawa, ila maelezo ndani ya faili yameandikwa kwa buluu iliyokoza juu ya weusi, na husomi kitu mpaka uinamie skrini. Hapo wengi huilaumu programu. Huifuta na kuisakinisha upya, hutafuta faili la mipangilio la mtu mwingine na kulinakili lote, na hali hubaki vilevile.

Mara nyingi sana programu haina kosa lolote. Imepewa taarifa isiyo ya kweli kuhusu skrini inayoiandikia, nayo ikaifuata kwa utiifu. Ukiirekebisha taarifa hiyo, nusu ya matatizo huondoka kabla hujagusa mpangilio hata mmoja wa rangi.

Nitatumia Vim kwa mifano, kwa sababu ndiyo programu ya kuhariri matini ambayo utaikuta, yenyewe au ndugu yake vi, karibu kila mashine ya Unix na Linux. Tena ina uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki ambao watumiaji wengi wa huku kwetu hawaujui. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa umma mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023, alijitolea kufanya kazi Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Hiyo ilikuwa mwaka 1994, wakati UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi eneo lile. Vim aliendelea kuigawa bure, na tangu hapo akamwomba yeyote anayeipenda awachangie watoto wa kituo cha Kibaale. Fungua Vim bila kutaja faili na mara nyingi utalikuta ombi hilo katikati ya skrini. Andika :help uganda upate habari yenyewe kwa urefu. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kutosha ya kujifunza kuitumia vizuri.

Turudi kwenye skrini. Terminali ya asili ilikuwa kibodi na skrini tu, na programu zako ziliendeshwa kwingine. VT100 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyotoka 1978, ilikuwa na mistari 24 ya herufi 80, rangi moja, na waya uliokwenda kwenye kompyuta ambayo pengine ilikuwa chumba cha pili. Kila kilichopita kwenye waya ule kilikuwa baiti. Baiti nyingi zilikuwa herufi za kuandikwa. Baiti namba 27, ile ya kitufe cha Esc, ilitangulia amri. Esc ikifuatwa na [7m ilimaanisha geuza rangi, weusi uwe mwanga na mwanga uwe weusi. Esc na [1m ilikoleza maandishi. Esc na [0m ilirudisha hali ya kawaida. Dirisha la terminali kwenye laptopu yako leo ni programu inayoiga mashine ya aina hiyo, na amri hizo tatu bado zinafanya kazi humo bila kubadilika.

Shida ni kwamba kila kiwanda kilikuwa na amri zake. ADM-3A ya Lear Siegler, ambayo Bill Joy aliitumia kuandikia vi pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haikuelewa lugha ya VT100. Joy akatengeneza termcap, faili lenye maelezo ya kila aina ya terminali: inafuta skrini kwa amri gani, inasogeza kishale kwa amri gani, inajua kukoleza au haijui. Baadaye Mark Horton akatengeneza terminfo, mfumo tunaoutumia mpaka sasa. Programu husoma jina lililo kwenye kigezo kiitwacho TERM, hufungua maelezo ya jina hilo, na kufanya kazi kwa kuyaamini. Skrini yenyewe haiioni hata kidogo. Hali yake ni ya fundi cherehani anayemshonea mteja wa mji mwingine kwa vipimo alivyoandikiwa: vipimo vikiwa vya uongo, ustadi wake haumsaidii mteja.

Kwa hiyo kazi inaanzia hapa, nje ya Vim. Andika echo $TERM uone jina. Andika tput colors uone jina hilo linaahidi rangi ngapi: 8, 256, au -1 pale ambapo maelezo hayana rangi kabisa, kama ya vt100. Kisha ingia Vim na uandike :set t_Co? uone Vim yenyewe imeelewa rangi ngapi. Namba hizo zisipolingana na skrini iliyo mbele yako, usiendelee na kitu kingine.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni mstari mmoja ulionakiliwa kwenye faili la .bashrc: export TERM=xterm-256color. Mtu ameuweka ili rangi ziongezeke, na kwenye laptopu yake zikaongezeka kweli. Lakini mstari huo hausemi "naomba rangi 256". Unasema "mimi ni xterm yenye rangi 256", na unasema hivyo kila mahali: ndani ya tmux au screen (programu zinazogawa terminali moja kuwa kadhaa), kwenye konsoli ya Linux isiyo na dirisha, hata kwenye terminali ya waya. Matokeo yake ndani ya screen, au ndani ya matoleo ya zamani ya tmux, ni haya. Vim inataka kupaka rangi ya nyuma mpaka mwisho wa mstari. Maelezo ya xterm yanasema kwamba ukifuta sehemu ya mstari, sehemu hiyo hujaa rangi ya nyuma iliyopo wakati huo. Vim inaamini, inatuma amri fupi ya kufuta na kuhesabu kazi imekwisha. Aliye upande wa pili hafuti kwa namna hiyo. Anaacha weusi wake. Unabaki na skrini yenye mabaka, rangi chini ya maneno na weusi baada ya maneno, na ukipandisha kurasa mabaka yanahama.

Dawa ya kweli ni kuacha TERM iwekwe na terminali yenyewe. Ndani ya tmux jina ni tmux-256color au screen-256color. Mashine isipokuwa na maelezo ya jina hilo, dawa ya muda ni kuandika set t_ut= kwenye .vimrc, faili la mipangilio la Vim, bila kitu mbele ya alama ya usawa. Hapo Vim inaacha kutegemea ufutaji huo na kupaka kila nafasi kwa mkono.

Sasa rangi. Mfumo wa kwanza una rangi 8, na namba zake zina mantiki inayofaa kujulikana. Nyekundu ni 1, kijani ni 2, buluu ni 4. Zilizobaki ni jumla: 3 ni nyekundu na kijani, yaani manjano; 5 ni nyekundu na buluu, yaani zambarau; 6 ni kijani na buluu, yaani samawati; 7 ni zote, nyeupe; 0 ni hakuna, nyeusi. Amri ya rangi ya maandishi ni 30 kujumlisha namba hiyo, ya rangi ya nyuma ni 40 kujumlisha namba hiyo. Esc na [31m ni maandishi mekundu.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 ilipanga biti kinyume: kwake buluu ni 1 na nyekundu ni 4. Kila herufi kwenye skrini ile ilikuwa na baiti moja ya sifa. Biti tatu za rangi ya maandishi, moja ya kuongeza mwanga, tatu za rangi ya nyuma, na ya nane ya kuifanya herufi iwake na kuzima. Humo ndimo yalimotoka mambo mawili yanayowasumbua watu mpaka leo. La kwanza, rangi za maandishi zikawa 16 na za nyuma 8. La pili, "koleza" ikaja kumaanisha "ongeza mwanga": ukiomba kahawia iliyokolezwa unapata manjano, wala herufi hainenepi. Terminali nyingi zimerithi tabia hiyo, na PuTTY inakupa uchague kama kukoleza kubadilishe rangi, fonti, au vyote viwili.

Ndiyo maana nasisitiza: kwenye mipangilio ya Vim inayokusudiwa terminali za zamani, andika rangi kwa jina, usiandike kwa namba. ctermfg=4 ni buluu kwenye terminali inayofuata mpangilio wa kwanza, na ni nyekundu kwenye konsoli ya DOS. Ukiandika ctermfg=DarkBlue, Vim inatazama terminali ina rangi ngapi na ya mpangilio gani, inachagua namba inayostahili, na pale inapohitajika inaongeza kukoleza yenyewe. Kazi hiyo Moolenaar alishaifanya. Hakuna haja ya kuirudia kwa kubahatisha.

Kuhusu ile buluu isiyosomeka, sababu iko kwenye jicho. Katika kipimo cha mwangaza kinachotumika kwenye televisheni za kisasa, kijani huchangia karibu asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Buluu iliyokoza juu ya weusi kwa hiyo karibu haina mwanga. Vim inajua hilo, na ndiyo maana ina mafungu mawili ya rangi za kuanzia: kwa mandhari ya mwanga maelezo ya msimbo (comments) huandikwa kwa DarkBlue, kwa mandhari ya giza huandikwa kwa Cyan. Ukiona buluu juu ya weusi, Vim imedhani skrini yako ni nyeupe. Andika set background=dark na maandishi yanasomeka papo hapo. Katika miaka yote ya kuwasaidia watu na terminali, sijaona amri fupi kama hii iliyowapa nafuu kubwa kiasi hicho.

Kuna ngazi ya chini zaidi ya rangi 8, nayo ni skrini isiyo na rangi kabisa. Vim haijaisahau. Kila amri ya highlight ina sehemu tatu: term kwa skrini za rangi moja, cterm kwa terminali za rangi, na gui kwa madirisha ya picha. Mtu anayejaza gui peke yake, kama zinavyofanya mada nyingi za rangi za kisasa, amewafungia nje waliobaki. Jaribu mwenyewe bila kutafuta mashine ya makumbusho: andika TERM=vt100 vim ikifuatwa na jina la faili. Mabadiliko hayo ni ya amri hiyo moja tu, hayabaki. Utaona faili lako kwa mkolezo, mstari wa chini na mgeuzo wa rangi peke yake. Ikiwa hapo bado unatofautisha maelezo na msimbo, na mstari wa hali unaonekana ulipo, mipangilio yako imesimama imara.

Uzito wa rangi nao si jambo la kupuuza kwenye waya wa polepole. Milango ya konsoli ya vifaa vingi vya mtandao bado huanza kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, sawa na baiti 960 hivi ukihesabu biti za kuanzia na kumalizia. Skrini iliyojaa herufi 1,920, bila rangi, inachukua sekunde 2. Amri ya rangi ya mfumo wa 8 ni baiti 5. Ya mfumo wa 256, kama Esc na [38;5;208m, ni baiti 11. Ya rangi kamili inafika 17 na kupita. Faili la msimbo likibadilisha rangi kila neno la pili, amri za rangi zinaweza kuwa nyingi kuliko maandishi yenyewe. Kwenye waya kama huo mimi huandika syntax off bila majuto.

Fremu zina historia yake, na makosa yake yanasomeka ukishaijua. VT100 ilikuwa na seti ya pili ya maumbo. Ikipokea Esc na (0, herufi ndogo zilianza kuchorwa kama mistari: q mstari wa mlalo, x wa wima, l kona ya juu kushoto, k ya juu kulia, m ya chini kushoto, j ya chini kulia. Esc na (B ilirudisha herufi za kawaida. Sasa lqqqk inajieleza: programu iliomba michoro ya VT100, terminali ikapuuza ombi la kubadili seti, ikaandika herufi kama zilivyo. Hutokea hasa terminali ikiwa katika hali ya UTF-8. PuTTY ilikuwa ikipuuza ombi hilo katika hali hiyo. Tangu toleo 0.71 la mwaka 2019 kuna kisanduku cha kuliruhusu kwenye ukurasa wa Translation. Upande wa seva, export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1 huziambia programu zinazotumia maktaba ya ncurses zitume mistari ya Unicode badala ya michoro ya VT100.

Yale â”€ yana sababu tofauti. Mstari wa mlalo katika Unicode, ukisafirishwa kwa UTF-8, ni baiti tatu: E2, 94, 80. Terminali inayosoma baiti moja moja kwa seti ya Windows-1252 inaziona kama â, alama ya kufunga nukuu, na alama ya yuro. Terminali inayosoma kwa seti ya zamani ya IBM, namba 437, inaziona kama ΓöÇ. Ukikuta moja ya hizo mbili, usiguse kihariri. Nenda kwenye mipangilio ya terminali na uweke UTF-8.

Seti hiyo ya 437 ndiyo iliyozipa programu za DOS fremu zake nzuri, za mstari mmoja na za mistari miwili. Wahandisi wa skrini walizihudumia kwa uangalifu ambao napenda kuusimulia. Kwenye kadi za skrini za VGA, katika hali ya maandishi, kila herufi ilipewa nafasi ya nukta 9 kwa upana, lakini umbo lake lilikuwa na nukta 8. Ya tisa iliachwa tupu ili herufi zisigusane. Nafasi hiyo tupu ingekatakata kila mstari wa mlalo wa fremu. Kwa hiyo kwa namba 192 mpaka 223 kifaa hurudia nukta ya nane kwenye ya tisa, na mistari ikaungana. Maumbo ya fremu yenye namba 179 mpaka 191 hayakuhitaji msaada huo, kwani hakuna hata moja kati yake linalofika ukingo wa kulia. Mtu alikaa akapanga jedwali lile kwa kulifikiria hivyo. Ukipakia fonti isiyofuata mpangilio huo, fremu hupata mapengo. Na kwenye konsoli ya Linux inayotumia VGA ya maandishi, ukipakia fonti ya maumbo 512, biti ya mwanga hugeuka kuwa ya kuchagulia fonti, na rangi za maandishi hurudi kuwa 8.

Vim haitumii michoro ya VT100. Mpaka kati ya madirisha yake ni herufi unayoichagua wewe kwa fillchars, na isipochaguliwa ni ule mstari wima wa kawaida wa kibodi, unaoonekana karibu kwenye terminali yoyote. Anzia hapo, kisha panda pale tu mazingira yanaporuhusu. Mistari hii inatosha kwa .vimrc ya kutembea nayo:

syntax on
set background=dark
set fillchars=vert:\|,fold:-
if &encoding ==# 'utf-8' && &t_Co >= 8
  set fillchars=vert:│,fold:─
endif
highlight VertSplit term=NONE cterm=NONE ctermfg=Brown ctermbg=NONE
highlight Comment term=underline cterm=NONE ctermfg=DarkCyan
highlight StatusLine term=reverse,bold cterm=reverse

Mpangilio wa mistari una maana. syntax on na set background zote mbili hurudisha rangi za kuanzia, kwa hiyo highlight zako zikitangulia zitafutwa. Mkwaju wa nyuma (\) kabla ya ule mstari wima nao usiuache, maana bila huo Vim hudhani amri imeishia pale. Wanaotumia Midnight Commander, programu ya kusimamia mafaili, na kihariri chake wana njia fupi zaidi: mc -a huchora fremu kwa alama za kawaida za kibodi, mc -b huondoa rangi zote.

Itatokea siku programu ikatike katikati, au umemwaga faili la baiti kwenye skrini kwa bahati mbaya, na terminali ibaki katika seti ya michoro: kila unachoandika kinatoka vipande vya fremu. Usifunge dirisha ukapoteza kazi. Bonyeza Ctrl na J, andika reset japo husomi unachoandika, kisha Ctrl na J tena. Amri hiyo nayo husoma maelezo ya TERM ili ijue itume nini, kwa hiyo jina likiwa si la kweli huenda isifue dafu. Kwenye PuTTY bofya kona ya juu kushoto ya dirisha na uchague Reset Terminal, inayofanya kazi bila kuiuliza seva chochote, halafu urekebishe TERM kabla ya kufungua faili tena.